Gololi iliyotembea uani

Mtoto wa kaka yangu alikuwa na miaka mitano siku aliyokuja mbio kutoka uani, mkono mmoja kaufumba, mwingine kashikilia kaptura isimvuke.

"Shangazi, gololi imetembea!"

Nilikuwa kwenye cherehani, namalizia marinda ya sketi za shule. Akafungua kiganja. Palikuwa na kitu cha duara, rangi ya risasi, kidogo kuliko punje ya mbaazi, kinang'aa kama kimepakwa mafuta. Tulikitazama wote wawili kimya. Mara mstari mwembamba ukatokea, ukapanuka, vikachomoza vipapasio viwili, ikafuata miguu, na miguu mingine, na gololi ikaanza safari kuelekea kidole gumba.

"Umeitoa wapi?"

"Chini ya ndoo ya mchicha."

Ilikuwa mwezi wa nne, masika imekolea, na uani kwetu hapa Tabata palikuwa hapakauki. Mama alitoka jikoni kuuliza kelele ni za nini. Aliangalia kwa mbali, akasema neno moja tu: "Papasi." Akaupiga mkono wa mtoto, gololi ikaanguka, akaikanyaga kwa kandambili.

Simlaumu Mama. Amekulia Dodoma kijijini, kwenye nyumba ya tembe yenye sakafu ya udongo, na papasi kwake si neno la kutania. Mdogo wake aliwahi kuugua homa ya papasi. Anasimulia jinsi homa ilivyompanda siku kadhaa, ikashuka, nyumba nzima ikashukuru Mungu, kisha ikarudi kama vile haijawahi kuondoka. Ndivyo ugonjwa ule ulivyo. Mwaka 1905, nchi hii ikiwa bado koloni la Wajerumani, daktari Robert Koch aliwachunguza papasi wa huku na kuonyesha kwamba vimelea vya homa hiyo vinapatikana hata ndani ya mayai yao, yaani papasi anaweza kuzaliwa tayari ameubeba ugonjwa. Mtu aliyekua na hofu hiyo akiona kitu cha kijivu kimejificha mahali penye giza, haanzi kuhesabu miguu.

Kesho yake alikuja kijana mwenye pampu mgongoni. Nilimuuliza dawa yake ni ya nini, akasema ya wadudu wote. Akapuliza chini ya ndoo, pembezoni mwa ukuta, kwenye rundo la majani ya mwembe, kwenye matofali tuliyoyapanga tangu tulipojenga choo. Hakuinua hata tofali moja kuangalia kuna nini. Hadi jioni ua mzima ulikuwa umejaa maiti ndogo ndogo: jongoo, nyenje, buibui, mende wawili watatu, na zile gololi. Kuku wakafurahi. Tulikuwa tumesahau kuwafungia. Asubuhi wawili walikuwa wamekufa, mmoja wao ni yule mwekundu aliyekuwa akitaga kila siku, na mchicha tukaung'oa wote tukautupa.

Kilichoniuma zaidi ya kuku ni kwamba mimi moyoni sikuamini kuwa wale ni papasi. Niliona kabisa kwamba hawafanani. Ila sikuwa na la kumwambia Mama. "Hawafanani" si hoja. Hawafanani kwa lipi? Sikujua nianzie wapi, nikanyamaza, dawa ikapulizwa.

Wiki tatu baadaye niliinua ndoo ile. Walikuwepo tena. Safari hii nilichukua sahani nyeupe ya bati, nikawazoa kwa kipande cha boksi, nikaiweka chini ya taa ya cherehani. Kazi yangu ni ya macho. Siku nzima naangalia mshono uliopinda kwa nusu milimita. Nikajiambia, kama naweza kuona uzi mmoja uliokatika kwenye kitambaa cheusi, siwezi kushindwa kumwona mdudu.

Nilianza na miguu. Hesabu ya miguu ndiyo inayotenganisha makundi makubwa, na haihitaji elimu yoyote isipokuwa subira. Mende, sisimizi, kunguni, kiroboto, chawa: sita. Buibui, nge, kupe na papasi: nane. Gololi wetu alikuwa na 14. Nilimhesabu mara nne kwa ncha ya sindano, kila akitulia. Jozi saba, kila bamba kubwa la mgongoni na jozi yake.

Na mgongo wenyewe! Ni mabamba yaliyolaliana, kila moja limepanda kidogo juu ya lile linalofuata, sawasawa na marinda yanavyolaliana kiunoni mwa sketi. Ndiyo maana anaweza kujikunja bila kuchanika. Akijikunja marinda hufunguka upande wa nje na kubanana upande wa ndani. Akijikunjua yanarudi yalivyokuwa. Nyuma ya mabamba yale makubwa saba kuna mengine membamba, yaliyosongamana, yanayomalizia mkia kama pindo.

Papasi hana marinda. Mwili wake ni mfuko mmoja wa ngozi iliyosinyaa, bila pingili, na ukimtazama kwa juu huoni hata mdomo, maana umefichwa chini. Tena papasi, pamoja na jina lake, hana vipapasio. Gololi anavyo, vimevunjika katikati kama viwiko, na anavitangulizia mbele akitembea kama mtu anayetafuta swichi gizani. Hilo tu lingetosha kumjibu Mama siku ile. Kupe naye hana vipapasio. Kunguni anavyo, lakini ana miguu sita na ni bapa kama punje ya dengu, na hutamkuta chini ya ndoo bali kwenye mishono ya godoro.

Pale kwenye sahani walikuwepo pia wadogo weupe, kama punje za sukari zilizoota miguu. Hawa niliwahesabu 12. Nikaanza upya: 12. Kwa siku mbili niliamini nina aina nyingine ya kiumbe. Kumbe ni watoto. Watoto wa jamii hii huanza maisha na jozi sita. Jozi ya saba huja baadaye, wakishajivua gamba. Kupe nao wana yao: mtoto wa kupe anaanza na miguu sita, anafikisha minane akikua. Kwa hiyo mwenye kuhesabu ajue anahesabu mkubwa.

Nilimwona pia mama yao. Nilimlaza chali kwa ncha ya brashi ya kusafishia cherehani, na kifuani, katikati ya miguu, palikuwa na uvimbe wa rangi ya maziwa yaliyoiva, na ndani yake nukta nyingi zinacheza. Jike ana mfuko chini ya kifua, wenye umajimaji. Mayai hukaa humo, huanguliwa humo, na watoto hubaki humo siku kadhaa kabla ya kutoka nje. Nilimgeuza haraka nikamrudisha kwenye unyevu. Sijawahi kujisikia nimeingilia faragha ya mdudu kabla ya siku ile.

Nimeandika mdudu, na kwa Kiswahili cha kila siku ni sawa, kwani neno letu ni pana. Lakini kwa ukoo, gololi hayupo pamoja na mende wala sisimizi. Yupo pamoja na kaa na kamba. Wataalamu wanawaita isopodi, na aina za kundi hilo zilizopanda nchi kavu karibu zote ni hawa hawa wa chini ya mawe na magogo. Nilipolijua hilo nilikwenda Feri Jumamosi asubuhi kununua kamba wa mchuzi, nikawa namgeuza mmoja mmoja hadi muuzaji akaniuliza, "Dada, unanunua au unawapima?" Chini ya tumbo la kamba kuna safu ya vipande kama makasia, ndivyo anavyoogelea. Gololi anavyo vile vile, chini ya mkia, bapa, vimelaliana. Yeye haogelei. Anapumulia. Ni aina ya matamvua, na matamvua hayafanyi kazi yakikauka. Kwenye aina nyingi, vipande hivyo vina mabaka meupe yanayoonekana kwa macho ukimlaza chali: hayo ni kama mapafu madogo, yanayoingiza hewa ndani kupitia vijitundu.

Sasa kila kitu uani kikaeleweka. Kwa nini chini ya ndoo na si juu ya ukuta. Kwa nini masika wapo na kiangazi wanapotea. Kwa nini wanarundikana pamoja: wakibanana, maji yanawatoka polepole. Ngozi yao haina ile nta inayomkinga mende asikauke, kwa hiyo chumba kikavu chenye sakafu ya vigae ni kifo kwao. Ukimkuta mmoja ndani ya nyumba, amepotea. Na ukiwakuta wengi, tafuta bomba linalovuja.

Si wote wanaojikunja, na hapa ndipo watu wengi wanapochanganya. Chini ya matofali nilipata wengine wa ukoo huo huo, miguu 14 vile vile, lakini bapa zaidi, rangi ya vumbi, kana kwamba wamepakwa poda. Ukiwagusa hawajikunji. Wanakimbia, na wanakimbia kweli. Waangalie nyuma: wana vijimkia viwili vinavyochomoza kama ncha za uma. Gololi naye anavyo, lakini vyake ni vifupi, bapa, vimekatwa sawa na ukingo wa mwili, ili akijikunja kisibaki kitu nje. Mkia ndio alama ninayoiamini kuliko zote, kwa sababu mdudu aliyechoka au aliyekufa hajikunji, lakini mkia wake unabaki ulivyo. Mwaka 1984 mtaalamu Helmut Schmalfuss aliwapanga wadudu hawa kwa namna wanavyojiokoa na adui: wapo wanaokimbia, wapo wanaong'ang'ania chini kama kiraka, wapo wanaojikunja. Umbo linafuata mbinu. Mkimbiaji ana mwili mwembamba na miguu mirefu. Mng'ang'aniaji ni mpana na bapa. Mjikunjaji ana mgongo wa kuba.

Kuna aina inayokaa katikati, Cylisticus convexus, anayejikunja lakini mikia yake inabaki nje, gololi isiyofumba vizuri. Kama fundi, huyo namwelewa.

Wazungu wamewapa majina ya ajabu. Huko Marekani anayejikunja wanamwita mdudu-kidonge, na asiyejikunja wamempa jina la nguruwe jike. Hata Kilatini kimeshika njia hiyo hiyo: Porcellio ni nguruwe mdogo, na yule aitwaye Oniscus asellus ameitwa punda mdogo mara mbili, mara moja kwa Kigiriki na mara moja kwa Kilatini. Anayejikunja maarufu kuliko wote ni Armadillidium vulgare, asili yake nchi zinazozunguka bahari ya Mediterania, ambaye binadamu amemsafirisha hadi mabara mengine. Lakini kujikunja si mali ya ukoo mmoja. Cubaris murina, aliyeenea nchi nyingi za joto, anajikunja na ni wa ukoo mwingine, na Afrika yenye joto ina ukoo wake mkubwa, Eubelidae, ambao wengi wao nao hujikunja. Mbinu hiyo imebuniwa zaidi ya mara moja. Wanasafiri kwenye udongo wa vyungu na miche; sisi wenyewe miche yetu tuliinunua kwenye vitalu vya kando ya barabara, ikaja na udongo wake na wapangaji wake.

Kiswahili cha mtaani kwetu hakijawapa jina, nami sioni haja ya kuazima nguruwe. Hapa nyumbani ni gololi na wenye mikia, basi.

Jongoo nisimsahau, maana kuna watu wakimwona gololi hudhani ni mtoto wa jongoo. Jongoo hujizungusha kama chemchemi ya godoro, anakuwa bapa, hafanyi mpira. Na karibu kila pingili yake ina jozi mbili za miguu, si moja. Huko Ulaya na kusini mwa Afrika wapo jongoo wafupi wanaojikunja wakawa mpira kamili, na hao ndio wanaohitaji jicho kali: angalia nyuma ya mpira. Gololi ana vibamba vingi vyembamba mkiani. Jongoo wa aina hiyo ana bamba moja kubwa limefunika lote. Jongoo wetu mkubwa mweusi, Archispirostreptus gigas, anaweza kuzidi sentimita 30, na ukimbughudhi anatoa majimaji yanayoacha doa la kahawia kwenye vidole, siku kadhaa halitoki. Haumi.

Tandu anauma, na huyo mfundishe mtoto mapema. Jozi moja ya miguu kwa kila pingili, mwili bapa, mwendo wa kasi, na chini ya kichwa makoleo mawili yenye sumu. Tandu aliyekomaa huwa na jozi idadi isiyogawanyika kwa mbili, 15, 21, 23, kwa hiyo, ingawa Wazungu humwita miguu-mia, hakuna tandu aliyekomaa mwenye miguu 100 kamili. Jongoo, ambaye wao humwita miguu-elfu, alisubiri hadi 2021 ndipo akatangazwa wa Australia mwenye zaidi ya 1,000: Eumillipes persephone, miguu 1,306, mwembamba kama uzi, chini kabisa ya ardhi.

Siku moja mtoto alinililia kwamba gololi wake ni mgonjwa. Alikuwa amemweka kwenye kopo la siagi lenye majani ya mwembe na kitambaa chenye maji. Nilichungulia: nusu ya nyuma ilikuwa mpya, imepauka, pana kidogo, na nusu ya mbele bado nyeusi ya zamani, mpaka umekatwa katikati kama gauni lililoungwa vitambaa viwili. Nilimwambia asimguse. Baada ya siku mbili nusu ya mbele nayo ikavuliwa. Hivyo ndivyo wanavyojivua gamba: kwanza nyuma, kisha mbele, wasikose kinga mwili mzima kwa wakati mmoja. Gamba alilolivua tulilikuta limeliwa. Lina chokaa, na chokaa haitupwi.

Chakula chao kikubwa ni majani yaliyooza, na hata mavi yao wenyewe, ambayo wanayarudia wapate walichokiacha. Hawanyonyi damu, hawali mbao za paa kama mchwa. Wakiwa wengi sana wanaweza kuguguna mche mchanga kwenye shina, hilo nimelishuhudia kwenye bamia, na dawa yake ilikuwa kuondoa majani yaliyorundikana karibu na mche na kumwagilia asubuhi badala ya jioni, udongo ukauke juu kabla ya usiku wanapotoka.

Jumapili moja nilimpeleka mtoto Coco Beach, maji yakiwa yametoka, kwenye yale mawe ya matumbawe yenye ncha. Aliwaona kabla yangu. "Mende wa mawe!" Walikuwa wakubwa kama ukucha wa kidole gumba, kijivu, macho makubwa, wanakimbia kwa makundi na kutumbukia kwenye nyufa kila tukisogea. Hao ni Ligia, jamaa wa gololi ambao wamebaki mlangoni: hawaishi majini moja kwa moja, wala hawathubutu kuiacha bahari. Nyuma wana mikia miwili mirefu, na kila mmoja umegawanyika kama tawi. Mtoto alichuchumaa pale muda mrefu, jua linamchoma shingo, akijaribu kuhesabu miguu ya kiumbe asiyetulia hata nukta moja. Hakufanikiwa, na hakutaka kuondoka.

Mama alichukua muda. Sikumwambia amekosea, nilimwachia sahani. Nilikuwa nikimkuta jioni, miwani puani, akimwangalia gololi anavyojikunjua, kisha anamgusa kwa kijiti ajikunje tena. Mara moja alisema, kama anajisemea, kwamba nyumbani kwao Dodoma nao walikuwepo, kwenye zizi, na bibi yake hakuwahi kuwaua.

Masika iliyopita aliniita usiku, umeme umekatika, ameshika tochi ya simu. Mbwa wa jirani alikuwa amelala barazani kwetu mchana kutwa. Mezani palikuwa na sahani ya bati, na katikati yake kitu cha kijivu, cha mviringo, ukubwa wa punje ya mbaazi.

"Nimehesabu nane," akasema. "Nimerudia mara mbili. Na hana marinda."

Niliinama. Mdomo ulionekana kwa juu, mbele ya mwili uliovimba. Vipapasio hakuna.

"Ni kupe, Mama."

"Najua ni kupe. Niletee mafuta ya taa."